Habari moja, nyuso nyingi: Mfumo 'usio na kichwa' na mustakabali wa magazeti ya mtandaoni

MSOMAJI anayefungua gazeti kwenye simu yake huona kitu kimoja tu: ukurasa wenye kichwa cha habari, picha na maandishi. Hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba huenda ukurasa huo umetokana na mitambo miwili yenye kazi tofauti kabisa.

Mtambo wa kwanza huitunza habari. Wa pili huivika mavazi.

Kwa muda mrefu mitambo hiyo ilikuwa kitu kimoja, na tovuti nyingi zingali zinaendeshwa hivyo hadi leo. Hata hivyo, katika kipindi cha miaka 10 hivi iliyopita, vyombo vingi vya habari duniani vimeamua kuitenganisha. Mfumo unaobaki na kazi ya kutunza habari pekee ndio ambao wahandisi huuita mfumo 'usio na kichwa'.

Jina hilo laweza kumchekesha mhariri yeyote, kwani katika chumba cha habari hakuna fedheha inayozidi taarifa kwenda mitamboni bila kichwa. Hapa, lakini, 'kichwa' si anwani ya habari. Ni ile sura nzima ambayo msomaji huiona: rangi, mpangilio, menyu na ukubwa wa herufi.

Suala hili linaweza kudhaniwa kuwa la wahandisi peke yao. La hasha! Linagusa mambo matatu ambayo kila gazeti lina wajibu nayo: iwapo taarifa ya leo itasomeka miaka 20 ijayo, iwapo kosa likigunduliwa litaondolewa kila mahali lilikofika, na iwapo fedha za gazeti zitaajiri wanahabari au zitalipia mitambo.

Punje na ugali

Mfumo wa kusimamia maudhui ni programu inayomwezesha mwandishi kuchapisha mtandaoni bila kujua lugha za kompyuta. Drupal ilitolewa mnamo 2001 na WordPress mnamo 2003. Hii ya pili ndiyo inayoendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani.

Katika utaratibu wa kawaida, mwandishi hujaza fomu, mfumo huyaweka maandishi kwenye hifadhidata, kisha mfumo huohuo hutengeneza ukurasa na kumpelekea msomaji. Programu ni moja, seva ni moja na fundi wa kuitwa mambo yanapoharibika ni mmoja. Urahisi huo ndio siri ya umaarufu wake.

Tatizo lake hujificha ndani ya maandishi yenyewe. Mara nyingi habari huhifadhiwa ikiwa tayari imechanganyika na maagizo ya sura: picha hii ikae kushoto, kichwa hiki kidogo kiwe chekundu, jedwali hili liwe na upana fulani. Maagizo hayo yalikusudiwa skrini ya tarakilishi. Yakifika kwenye simu, saa ya mkononi au spika inayosoma habari kwa sauti, hugeuka takataka.

Mfano ulio karibu na kila Mkenya ni mahindi. Yakiwa punje ghalani, mwenyewe anaweza kuyapika githeri leo, akasaga unga wa uji kesho na wa ugali kesho kutwa. Lakini ugali ukishasongwa, haugeuki tena kuwa githeri. Mfumo wa kawaida una mazoea ya kuweka ugali ghalani. Mfumo usio na kichwa huweka punje.

Ghala hilo lina mlango maalumu ambao wahandisi huujua kwa kifupi kama API. Programu ya simu inapotaka habari, haiombi ukurasa. Hubisha hodi kwenye mlango huo na kuomba, kwa mfano, taarifa 10 za karibuni zaidi za michezo.

Jibu huja likiwa data tupu iliyopangwa kwa majina: kichwa, mwandishi, tarehe, aya, picha. Halina rangi wala upana. Umbo linalotumika sana ni JSON, maandishi mepesi ambayo karibu kila lugha ya kuandikia programu huweza kuyasoma.

Kuipamba data hiyo ni kazi ya sehemu ya mbele, ambayo hujengwa kando kwa zana kama vile React na Next.js. Sehemu hiyo yaweza kubomolewa na kujengwa upya bila kuguswa hata neno moja la habari iliyo ghalani.

Somo kutoka redio ya Marekani

Wazo hili lilitangulia jina lake. Mojawapo ya mifano inayokumbukwa sana ni ya shirika la redio ya umma la Marekani, NPR.

Mnamo Julai 2008, NPR ilifungua API yake kwa umma. Mwaka uliofuata, Daniel Jacobson, aliyekuwa akiongoza utengenezaji wa programu katika shirika hilo, alieleza falsafa yao kwa maneno machache: andika mara moja, chapisha kila mahali.

Msisitizo wake ulikuwa kwamba habari isiandikwe kwa ajili ya ukurasa. Iandikwe kama habari, kila kijenzi chake kikihifadhiwa pekee: maandishi mahali pake, sauti mahali pake, picha mahali pake. Kituo kidogo cha redio mikoani, programu ya simu na tovuti kuu vyote vingechota katika kisima kimoja.

Falsafa hiyo ilijaribiwa Aprili 2010, kampuni ya Apple ilipoanza kuuza iPad. NPR ilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyokuwa na programu tayari siku ya kwanza. Habari zake hazikuhitaji kuandikwa upya. Kilichojengwa kilikuwa uso mpya tu.

Nchini Uingereza, gazeti la The Guardian lilikuwa limefuata mkondo huohuo. Mnamo Machi 2009 lilizindua mradi wake uitwao Open Platform, na kuwaruhusu watengenezaji wa programu walio nje ya kampuni kuchota kutoka kwa makala zaidi ya milioni moja.

WordPress nayo haikubaki nyuma. Toleo lake la 4.7, lililotoka Desemba 2016, liliujumuisha mlango wa API wenye uwezo wa kutoa habari zote zilizomo. Tangu hapo, gazeti linalotumia WordPress linaweza kuendelea kuandikia humo huku likiwaonyesha wasomaji sura iliyojengwa kwingine kabisa.

Nyuso huja na kwenda

Anayetaka kujua faida ya kutenganisha habari na sura yake hana budi kutazama makaburi ya teknolojia.

Programu ya Flash, iliyotumiwa na magazeti mengi kutengenezea ramani na michoro yenye kusogea, ilisitishwa na kampuni ya Adobe tarehe 31 Desemba 2020. Kazi ambayo takwimu na maelezo yake yalikuwa yamefungwa ndani ya Flash pekee ilizikwa pamoja nayo. Kazi ambayo data yake ilihifadhiwa kando ilihitaji kuchorwa upya tu.

Facebook ilianzisha mnamo 2015 utaratibu wa Instant Articles, ambapo magazeti yalitakiwa kuzitoa habari zao kwa umbo maalumu ili zifunguke upesi ndani ya mtandao huo. Vyumba vya habari viliwatenga wahandisi kwa kazi hiyo. Mnamo Aprili 2023, utaratibu huo ulifungwa.

Hata zana za kujengea sehemu ya mbele hazidumu. Gatsby, iliyowahi kusifiwa na wahandisi wengi, ilinunuliwa na kampuni ya Netlify mnamo 2023, na wengi wa waliokuwa wakiitumia wakahamia kwingine.

Funzo ni kwamba uso wa habari una umri mfupi, ilhali habari yenyewe yapaswa kuishi. Taarifa kuhusu kesi ya ardhi, matokeo ya uchaguzi au mkataba wa serikali huenda ikahitajika na mwanahistoria au wakili miaka mingi baada ya rangi za tovuti ya siku hiyo kusahauliwa.

Kazi mpya ya mhariri

Mabadiliko haya hayawaachi wahariri walivyokuwa. Badala ya kuuliza, "Ukurasa huu utapendeza?" mhariri hulazimika kuuliza, "Habari hii ina vijenzi gani?"

Wahandisi na wahariri huketi pamoja na kukubaliana kuhusu sehemu za kila taarifa: kichwa kirefu cha tovuti, kichwa kifupi cha ujumbe wa simu, muhtasari, jina la mwandishi, mahali, tarehe, aya, picha, maelezo ya picha na jina la mpigapicha. Kila sehemu hupewa kisanduku chake.

Iwapo jina la mpigapicha limeandikwa ndani ya maelezo ya picha badala ya kisanduku chake, hakuna tarakilishi itakayolitafuta wakati wa kumlipa. Iwapo mahali pa tukio pamewekwa ndani ya aya ya kwanza tu, haitawezekana kumpa msomaji wa Kisumu orodha ya habari za Kisumu bila mtu kuzipitia moja moja.

Kwa magazeti ya Kiswahili, saa ni kielelezo kizuri. Mechi inayoanza saa tisa alasiri kwa hesabu ya Kiswahili huandikwa saa 3 kwa Kiingereza. Mwandishi akiandika 'saa tisa' ndani ya aya pekee, mtambo unaotoa taarifa kwa lugha mbili hauna namna ya kujua ni saa ipi, na kosa la saa sita huwa halikawii kutokea.

Lakini wakati huo ukihifadhiwa kwenye kisanduku chake kama 15:00, uso wa Kiingereza utauonyesha kwa desturi ya Kiingereza na uso wa Kiswahili utapunguza saa sita na kuonyesha saa tisa alasiri. Kanuni hiyo huandikwa mara moja tu, ikatumika kwa ratiba za mechi, za misa na za mabasi.

Aidha, toleo la Kiingereza na la Kiswahili la taarifa moja yaweza kuunganishwa kwenye kumbukumbu moja, kila moja ikiwa na maandishi yake huku zikishiriki picha, tarehe na takwimu. Idadi ya waliojeruhiwa katika ajali ikibadilika, hubadilishwa kwenye kisanduku kimoja na kusomeka sawa katika lugha zote mbili, mradi takwimu hiyo ilitengewa kisanduku.

Kosa likitokea

Hapa ndipo penye uzito mkubwa zaidi. Gazeti la karatasi likikosea jana, hukiri leo, lakini nakala za jana haziwezi kurudishwa. Mtandaoni msomaji hutarajia kosa liondolewe papo hapo.

Nchini Kenya matarajio hayo yana nguvu ya kisheria. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishwa au kufutwa kwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inampa mtu haki ya kutaka data za uongo au za kupotosha kumhusu zisahihishwe.

Habari inayokaa mahali pamoja hurahisisha wajibu huo. Jina la mtu asiye na hatia likiingizwa kwenye taarifa ya uhalifu, mhariri hulifuta ghalani mara moja, na tovuti, programu ya simu na washirika wote wanaochota kwenye mlango uleule hupata taarifa iliyosahihishwa. Pasipo mpango huo, nakala moja husahihishwa na nyingine tatu husahauliwa.

Hata hivyo, kuna mtego. Ili kurasa zifunguke upesi, sehemu ya mbele huweka akiba ya nakala zilizokwisha kutengenezwa, na kampuni za usambazaji huweka nakala nyingine kwenye seva zilizo karibu na wasomaji, zikiwemo za Nairobi na Mombasa. Mhariri anaweza kulifuta jina ghalani, akaliona limetoweka kwenye skrini yake, kumbe wasomaji wanaendelea kulisoma kutoka kwa akiba.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ambalo mhariri anafaa kumuuliza mhandisi anayempigia debe mfumo mpya si kuhusu kasi wala urembo. Ni hili: "Nikifuta sentensi sasa hivi, itatoweka kila mahali baada ya dakika ngapi, na nani atahakikisha?" Mfumo uliojengwa vyema huwa na ishara ambayo ghala huitumia sehemu ya mbele kila habari inapobadilishwa, ili nakala kuukuu itupwe. Asipopewa jibu lenye hesabu ya dakika, mhariri ana kila sababu ya kusita.

Gharama zilizofichika

Kutenganisha si kupunguza kazi. Panapokuwa na mitambo miwili badala ya mmoja, huwa pia na seva za aina mbili na masasisho ya aina mbili. Kurasa zikikwama, mabishano huzuka kuhusu ni upande upi wenye kosa.

Hasara inayowaudhi wahariri zaidi ni kupotea kwa onyesho la awali. Katika mfumo wa kawaida, mwandishi hubonyeza kitufe na kuuona ukurasa utakavyokuwa. Mfumo usio na kichwa haujui ukurasa utakavyokuwa, kwa maana hauna ukurasa. Onyesho hilo lazima lijengwe makusudi, na miradi mingi huliacha hadi mwisho, fedha zikiwa zimekwisha.

Kisha kuna ada. Huduma nyingi za aina hii, kama vile Contentful iliyoanzia Berlin nchini Ujerumani, hulipiwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ikidhoofika, bili hupanda hata kama wasomaji hawakuongezeka. Zipo programu huria ambazo gazeti laweza kuziweka kwenye seva zake lenyewe, Strapi na Drupal zikiwemo, lakini hizo nazo zinahitaji mtaalamu wa kuzilinda.

Msomaji pia anaweza kutozwa bila kujua. Baadhi ya wahandisi huiachia simu yake kazi ya kuujenga ukurasa: humtumia programu nzito ya JavaScript ambayo ndiyo huenda kuchota habari. Kwenye simu ghali hakuna shida. Kwenye simu ya bei nafuu, yenye bando la shilingi chache, msomaji hutazama skrini nyeupe huku data yake ikiteketea.

Dawa inajulikana. Ukurasa hujengwa kwenye seva, au hutengenezwa mapema kabla ya kuombwa, ukamfikia msomaji ukiwa kamili. Mtindo huo una faida nyingine. Usiku wa kuhesabiwa kwa kura za urais, wasomaji wanapomiminika kwa wakati mmoja, kurasa zilizokwisha kutengenezwa hustahimili wimbi hilo kuliko mfumo unaoirudia hifadhidata kwa kila mgeni. Hata hivyo, ukurasa wa matokeo yanayobadilika kila dakika huhitaji utaratibu wake.

Usalama nao una pande mbili. Ghala laweza kufichwa mahali ambapo umma haufiki, likabaki na mlango mmoja tu. Lakini mlango huo usipolindwa huwa balaa. Mapema 2017, kasoro iligunduliwa kwenye API ya WordPress katika matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1, ambayo ilimruhusu mtu yeyote kubadilisha maandishi ya tovuti bila nywila. Rekebisho lilitolewa Januari mwaka huo katika toleo la 4.7.2, lakini tovuti nyingi zilizochelewa kulipokea ziliharibiwa kurasa zake.

Isitoshe, mlango unaotoa habari zilizochapishwa unaweza kutoa na rasimu usipoambiwa vinginevyo. Kwa gazeti lenye taarifa ya uchunguzi ambayo bado inapitiwa na mawakili, huo si mchezo.

Nani anafaa kuhama?

Yote haya yakipimwa, jibu si moja kwa wote.

Gazeti lenye tovuti moja, wahariri wachache na fundi mmoja wa kuazima halina haja ya kuhama. Mfumo wa kawaida uliosasishwa vyema, wenye sura nyepesi, utalitosha kwa miaka mingi.

Shirika lenye tovuti kadhaa, programu za simu, redio na matoleo ya lugha zaidi ya moja lina sababu nzuri ya kufikiria utenganisho. Kila uso mpya unaoongezwa bila ghala la pamoja ni nakala mpya ya habari ileile, na kila nakala ni mahali pengine ambapo kosa laweza kujificha.

Kati ya hao wawili pana njia ya tatu, ambayo haivunji nyumba nzima. Chumba cha habari hubaki na mfumo kiliouzoea na kuugeuza ghala. Kisha sehemu ya mbele hujengwa kwa hatua: ukurasa wa michezo kwanza, mingine baadaye. Wahariri hawabadilishiwi meza, na jaribio likishindwa, sura ya zamani ingalipo.

Kwa vyovyote vile, anayehama hana budi kuzibeba anwani za kale. Kila kiungo kilichowahi kuchapishwa chapaswa kumfikisha msomaji kwenye taarifa ileile mahali pake papya. Tovuti nyingi zimepoteza kumbukumbu zao si kwa moto wala mafuriko, bali kwa ukarabati uliozinduliwa kwa shangwe huku viungo vya miaka iliyotangulia vikielekeza pasipokuwa na kitu.

Halikadhalika, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, gazeti lapaswa kuomba lionyeshwe jinsi litakavyozitoa habari zake zote siku litakapoamua kuondoka. Ghala ambalo mwenye mahindi hawezi kuyatoa ni la mwenye ufunguo.

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tovuti yaweza kuremba, ikang'aa na kufunguka kufumba na kufumbua, lakini ikiwa habari iliyomo haiwezi kusahihishwa, kuhamishwa wala kupatikana kesho, msomaji atakuwa ameuziwa mkakasi.